Ufadhili wa masomo ya uzamili na uzamivu: mwongozo kamili kwa aliyeko mwisho wa reli

Mwaka wa kwanza nilipoomba ufadhili nilikuwa nafundisha sekondari huko Kasulu. Tangazo lilisema dirisha linafungwa saa 12:00 UTC. Mimi na Uswahili wangu nikasoma saa kumi na mbili, nikajua nina nafasi mpaka jua lizame. Saa kumi na moja jioni nikanunua bando, nikafungua ukurasa, nikakuta umefungwa tangu saa tisa. Saa 12:00 ya UTC, saa ya pamoja ya dunia, ni saa tisa alasiri ya kwetu. Kazi ya miezi miwili ikaishia hapo, na sikuwa na wa kumlilia.

Niliomba mara tatu, ya tatu ikajibu. Tangu nirudi, vijana wa Ujiji, Kasulu, Kibondo na Uvinza wameniletea maombi yao niyapitie, na nimeona jambo moja likijirudia. Wengi hawaangushwi na GPA. Wanaangushwa na makaratasi yaliyochelewa, halafu na insha inayoficha mali pekee waliyonayo ambayo kijana wa Dar hana, yaani kwamba wanaishi na kufanya kazi Kigoma. Mwongozo huu umejengwa juu ya mambo hayo mawili. Mengine nitayapitia haraka.

Hatua ya kwanza: anzia kabatini

Watu huanza kwa kutafuta matangazo. Mimi nakushauri uanze na bahasha ya vyeti, ikiwezekana mwaka mzima kabla ya tarehe unayotaka kuanza masomo.

Toa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kidato cha nne, cha sita au stashahada, cheti cha shahada na transkripti. Vipange mezani usome jina lako kwenye kila kimoja, herufi kwa herufi. Hapa ndipo wengi hushika vichwa. Shuleni uliandikwa Ramadhani, NIDA wameandika Ramadhan, na cheti cha kuzaliwa kina jina la babu ambalo halipo kwingine kokote. Sisi tunajua ni mtu mmoja. Anayepitia faili lako Brussels au Tokyo anaona watu watatu. Nafuu ni kufanya karatasi nyingine zifuate vyeti vya NECTA, kwa sababu hivyo ndivyo vigumu kubadilisha. Tofauti ndogo ya herufi, wakili anaweza kukuandalia hati ya kiapo. Jina zima likitofautiana, utahitaji hati ya kisheria ya kubadili jina, na hiyo haipatikani kwa wiki moja.

Cheti cha kuzaliwa kama huna, au unacho kile cha zamani kilichoandikwa kwa mkono na kufifia, nenda RITA mapema. Utakihitaji tena kwenye pasipoti.

Pasipoti naomba niizungumzie kwa kirefu, maana kwetu ina hadithi yake. Ada ni shilingi 150,000 na kitabu kinadumu miaka 10. Ombi linaanzia mtandaoni, kisha unakwenda Uhamiaji kwa picha na alama za vidole. Mkoa wetu unapakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo, kwa hiyo usishangae ukitakiwa kuonyesha karatasi za wazazi na pengine kuulizwa habari za babu na bibi. Ukienda mikono mitupu utarudishwa, utarudi, utarudishwa tena. Nenda na cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo cha kuzaliwa kwake, nakala ya kitambulisho chake, na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Kama mzazi yuko kijijini Buhigwe au Kakonko na hajawahi kuwa na karatasi yoyote, hiyo ndiyo kazi yako ya mwezi wa kwanza. Nimeona mtu amepata barua ya ufadhili mkononi huku bado anamtafuta shahidi wa kuzaliwa kwa baba yake.

Ukishakamilisha, skani kila kitu kwa rangi, PDF moja kwa kila cheti, isiyozidi MB 2, na faili lipe jina linaloeleweka: jina la ukoo, kisha aina ya cheti. Ukiskani kwenye steshenari za Mwanga, jitumie kwa barua pepe, halafu futa mafaili kwenye kompyuta yao na utoke kwenye akaunti yako kabla hujainuka kitini. Vyeti vya watu vimejaa kwenye zile kompyuta kama nyanya sokoni.

Hatua ya pili: jipime bila kujidanganya

Kwa mfumo wa vyuo vyetu, GPA ya 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, na 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini. Fadhili nyingi kubwa zinataka 3.5 kwenda juu. Mwenye 3.1 hajafungiwa kila kitu, ila milango yake ni michache na uzoefu wa kazi ndio utakaomnyanyua. Usijibadilishie GPA kwenda mizani ya Kimarekani kwa kukisia. Andika kama ilivyo, taja kwamba ni kati ya 5.

Kisha hesabu uzoefu wako. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, unataka miaka miwili ya kazi, nao wanaihesabu kwa saa: 2,800. Kujitolea na kazi ya muda vinakubalika. Hii ni habari njema kwetu, kwa sababu kijana wa Kigoma mara nyingi hana ajira moja ya kudumu. Ana miezi minne ya kukusanya takwimu kwenye mradi, miezi minane kwenye shirika linalohudumia kambi ya Nyarugusu, mwaka wa kujitolea shuleni. Vyote vina saa. Tatizo ni ushahidi. Kila mkataba unapoisha, kabla hamjaagana, omba barua inayotaja cheo, tarehe za kuanza na kumaliza, na saa kwa wiki. Miradi hufungwa na ofisi huhama, na baada ya miaka miwili hutapata wa kukusainia.

Umri nao angalia. MEXT, ufadhili wa serikali ya Japani, inataka uwe chini ya miaka 35. Serikali ya China inaweka 35 kwa uzamili na 40 kwa uzamivu. Uturuki wameshuka zaidi, 30 kwa uzamili na 35 kwa uzamivu. Mwenye miaka 41 asipoteze bando huko.

Hatua ya tatu: chagua milango mitatu au minne

Aliyeomba sehemu ishirini kwa insha moja hajaomba popote.

Kwa uzamili wa Uingereza, Chevening hufunguliwa kwa kawaida Agosti na kufungwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Unachagua kozi tatu, masomo ni ya mwaka mmoja, na ukimaliza unatakiwa kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola upo wa uzamili na uzamivu, na una tawi ambalo watu wa huku hawaliongelei: masomo ya masafa. Unasoma uzamili wa chuo cha Uingereza ukiwa kwako, kazini kwako, watoto wako wakiendelea na shule. Kwa mama mwenye familia Kibondo au muuguzi ambaye halmashauri haiwezi kumwachia, mimi naliona kuwa bora kuliko kusafiri.

Ujerumani, DAAD, shirika lao la ufadhili wa masomo, ina kundi la kozi za maendeleo zinazojulikana kama EPOS. Unatakiwa uwe umefanya kazi miaka miwili baada ya shahada, na shahada yenyewe isiwe imepita miaka sita. Maombi yanapelekwa kwenye kozi husika, na kila kozi ina tarehe yake. Watu huandikia makao makuu ya DAAD wakisubiri jibu huku kozi imeshafunga.

Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya inakusomesha kwenye vyuo vya nchi mbili au zaidi, na posho ni euro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24. Kozi nyingi hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari. Uturuki hufungua 10 Januari na kufunga 20 Februari, na kuomba ni bure.

Wanaofanya kazi ziwani wasome hapa mara mbili. Ubelgiji kuna VLIR-UOS, inayofadhili shahada ya uzamili ya Oceans & Lakes inayoendeshwa kwa pamoja na Vrije Universiteit Brussel, Ghent na Antwerp. Nani ana haki ya kusomea maziwa kuliko mtu aliyekulia kando ya Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita 1,470? Na Iceland kuna GRO, mafunzo ya uvuvi ya miezi sita chini ya UNESCO. Hayakupi shahada, lakini ukiwa mtumishi wa idara ya uvuvi au mtafiti wa TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, yanafungua njia ya uzamili baadaye. Ofisi yako ndiyo inayokupendekeza, kwa hiyo mazungumzo yaanzie kwa mkuu wako.

Usidharau Afrika. Mfuko wa Mastercard una nafasi za uzamili Edinburgh na Cambridge, lakini upo pia Pretoria. Wachumi wana AERC, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika, wenye makao Nairobi. Watu wa kilimo wana RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika wenye makao Makerere. Wanawake wa sayansi wanaotaka uzamivu wana OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea, linalofadhili masomo katika nchi nyingine inayoendelea. Chuo Kikuu Huria nacho kina kituo hapa Kigoma, na mtu aliyeanza uzamili kwa hela yake kidogo kidogo hapotezi kitu akiendelea kuomba uzamivu.

Jambo moja la kufuta vichwani: Samia Skolashipu ilianzishwa kwa ajili ya waliofaulu vizuri masomo ya sayansi kidato cha sita wakaingie shahada ya kwanza. Kila mwaka naulizwa kama ni ya masters.

Uzamivu una utaratibu wake. Huko hununui kozi, unatafuta mtu. Soma makala mbili za profesa anayefanya kazi unayoipenda, kisha mwandikie barua pepe ya mistari kumi: wewe ni nani, umesoma nini chake, unataka kuuliza swali gani, na una nini mkononi. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Utafiti wa sokwe Gombe ulianza 1960, na TAFIRI wana kituo hapa hapa mjini. Mtu anayeweza kusema "nafika mwaloni Kibirizi alfajiri, nazungumza Kiha na Kiswahili na wavuvi wananijua" anampa profesa kitu ambacho hela za mradi hazinunui.

Kiingereza

Mtihani wa IELTS matokeo yake hudumu miaka miwili, na vyuo vingi hutaka alama 6.5. Hapa mkoani hakuna mahali pa kuufanyia, kwa hiyo hesabu nauli ya Dar na kulala. Kabla hujatoa hela hiyo, kiulize chuo kama kinapokea barua ya chuo chako inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Vingi vya Ulaya vinapokea. Vingine vinakubali mtihani wa Duolingo unaofanyika nyumbani kwenye kompyuta yenye kamera, ila hakikisha umeme na mtandao havitakugeuka katikati.

Hatua ya nne: wadhamini

Utahitaji watu wawili, wakati mwingine watatu. Mmoja mhadhiri aliyekusimamia, mwingine mkuu wako wa kazi. Mkubwa asiyekujua ni hasara tupu. Barua ya mbunge inayosema "kijana huyu ni mwadilifu" haimwambii msomaji chochote, na barua ya msimamizi wa mradi inayoeleza jinsi ulivyogundua makosa kwenye dodoso na kulirekebisha inamwambia yote.

Mwombe wiki sita kabla. Mpigie kwanza kama umezoea kumpigia, umsalimie vizuri, usianze na shida. Akikubali, mtumie kwa pamoja: kiungo cha tangazo, wasifu wako, rasimu ya insha, transkripti, na aya moja inayomkumbusha mlichofanya pamoja na mwaka wake. Wahadhiri wetu wana mamia ya wanafunzi. Mwalimu wangu mmoja alinijibu waziwazi, "Sikukumbuki, nikumbushe," na nilipomtumia kichwa cha tasnifu yangu akaandika barua nzuri kuliko nilivyostahili. Akikuambia "andika mwenyewe nisaini," mpe pointi badala ya barua. Wapitiaji huitambua sauti ya mwombaji ndani ya barua ya mdhamini.

Wadhamini watumie barua pepe ya kazini kama wanayo. Wiki moja kabla ya mwisho, kumbusha. Siku tatu kabla, kumbusha tena kwa unyenyekevu.

Hatua ya tano: insha, na hapa ndipo vita ilipo

Katika kila insha kumi zinazonijia, nane zinaanza hivi: tangu nikiwa mtoto nilikuwa na ndoto ya kuisaidia jamii yangu. Msomaji amesoma sentensi hiyo mara mia tatu wiki hiyo. Halafu inafuata aya kuhusu umaskini wa Afrika, halafu sifa za nchi anayotaka kwenda. Kigoma haitajwi, au inatajwa kama aibu: mkoa wa pembezoni, mkoa ulioachwa nyuma.

Geuza. Anza na jambo moja ulilolishuhudia kazini, lenye mahali, tarehe na namba. Chukua mfano wa afisa mikopo wa kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Afisa huyu aliona nini kwenye daftari la marejesho? Wangapi walishindwa kulipa, wangapi waliuza vyombo, wangapi walihamia biashara ya mawese? Yeye alifanya nini, na nini kilishindikana? Hapo ndipo anaposema: nimeshindwa kujua jinsi ya kupanga mikopo inayofuata msimu wa ziwa, na kozi fulani ina somo fulani linalofundisha hasa hilo. Ukisoma insha hiyo hutaki kuiweka chini. Kijana wa mji mkubwa hawezi kuiandika hata akiwa na GPA 4.8.

Namba ziwe zako za kweli, kutoka kwenye daftari lako. Usizipambe. Usaili utakurudisha kwenye namba hizo hizo.

Wakiuliza uongozi, usiorodheshe vyeo. Eleza siku moja uliyowashawishi watu ambao hukuwa na mamlaka juu yao. Uliwapatanisha wazazi na shule kuhusu chakula cha mchana? Hiyo ni habari. Wakiuliza mipango ya baadaye, taja ofisi na kazi: "nitarudi idara ya maji ya halmashauri" ina nguvu kuliko "nitaleta mabadiliko nchini". Na wanapouliza kwa nini chuo hicho, taja somo na mwalimu wa kozi hiyo. Sifa za jumla za chuo wanazijua wenyewe.

Andika kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi. Kiswahili kinapenda kuzunguka kabla ya kufika, na ni tabia njema barazani, lakini kwenye maneno 300 haina nafasi. Mpe rafiki asome kwa sauti. Panapomkwama ulimi, pana tatizo. Ukitumia programu za akili unde kusahihisha sarufi, sawa. Ukiziachia ziandike, zitakuletea ile ile insha ya ndoto za utotoni, kwa lugha nzuri zaidi.

Kutuma

Tuma siku tano kabla. Kama umelazimika kubaki na siku ya mwisho, badilisha saa kwa makini. UTC ongeza saa tatu upate saa yetu kwa mtindo wa saa 24, kisha isome Kiswahili. Tangazo la Ulaya linalosema 23:59 kwa saa za Brussels wakati wa baridi linakupa mpaka saa nane kasoro dakika moja usiku kwetu. Mimi natembea na kanuni moja: nikiona 12:00 kwenye tangazo, naandika "saa tisa alasiri" kwa kalamu nyekundu ukutani.

Jaza kompyuta chaji, uwe na bando la mtandao wa pili, na hifadhi picha ya ukurasa unaosema ombi limepokelewa.

Ufadhili wa kweli haukuombi hela ya "kuharakisha faili". Vishoka wa masomo wapo, wana ofisi nzuri na wanavaa tai. Anayekuambia nafasi imeshapatikana imebaki ada ya uthibitisho, mwache na tai yake. Vyuo kadhaa, hasa vya Marekani, vina ada halali ya maombi, na unaweza kuwaandikia kuomba msamaha wa ada hiyo. Kama chuo hukijui, uliza TCU, tume ya vyuo vikuu, kwanza kama shahada yake itatambuliwa ukirudi.

Usaili

Ukiitwa, jua uliloandika linaaminika, sasa wanataka kukuona ukilisema. Soma insha yako mpaka uchoke. Jiandae kwa swali la kushindwa: jambo gani lilikuharibikia na ulijifunza nini. Waha tumefunzwa kutojisifu mbele ya wakubwa, na ukimya huo usailini husomeka kama kukosa la kusema. Sema "nilifanya" pale ulipofanya wewe, "tulifanya" pale mlipokuwa wengi.

Usaili wa mtandaoni usiufanyie baa yenye WiFi. Omba chumba ofisini kwa mtu.

Ukikosa, ukipata

Ukikosa, andika siku hiyo hiyo yale unayodhani yalikuwa dhaifu, ukiwa bado na uchungu. Mwaka unaofuata vyeti viko tayari, wadhamini wanakujua, kazi iliyobaki ni insha.

Ukipata, mtumishi wa umma aombe ruhusa ya masomo kabla ya kununua begi. Barua ipite kwa mkuu wa idara mpaka kwa mkurugenzi, na usiondoke bila jibu la maandishi, maana mshahara ukisimama hutakuwepo kuufuatilia. Viza nyingi zitakupeleka Dar kwa alama za vidole. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita anahitaji pia kipimo cha kifua kikuu kwenye kliniki ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, nayo iko Dar. Panga vyote katika safari moja. Kutoka hapa ni zaidi ya kilometa 1,200 za reli, na kwenda mara mbili ni mshahara wa mtu.

Posho ya kwanza huwa haikusubiri uwanja wa ndege. Itaingia ukishafungua akaunti ya benki huko, na hilo linaweza kuchukua wiki mbili au tatu. Ondoka na hela ya kula na ya daladala zao kwa muda huo, hata kama ni ya kukopa kwa shangazi, na mwachie shangazi nakala ya barua ya ufadhili ili ajue utalipa.